Deni na Herufi Yake Bubu

Ndugu msikilizaji, na wewe unayenisoma katika ukurasa huu, juma hili naanza kwa kukiri makosa yangu mawili. Yote mawili yalihusu maneno ya Kiingereza, na yote mawili yalihusu deni. La kwanza nimekwisha kulicheka mara nyingi. La pili sijalicheka mpaka leo.

La kwanza nililitenda hewani, mwezi Juni mwaka 2005. Mawaziri wa fedha wa nchi nane tajiri walikuwa wamekutana London na kukubaliana kuzifutia madeni nchi 18 maskini, Tanzania ikiwa mojawapo. Mimi nilikuwa kijana niliyetoka kupata stashahada ya uandishi wa habari, na jioni ile nilikabidhiwa kwa mara ya kwanza taarifa ya habari ya Kiingereza. Neno "debt", yaani deni, lilikuwamo karibu katika kila mstari. Kila nilipolifikia niliitamka ile b kwa mkazo, midomo ikigongana barabara, ili asiwepo msikilizaji wa kusema kwamba nimeiruka.

Nilitoka studio nikijiona bingwa. Mhariri wa zamu, mzee mmoja mpole, akanisubiri mlangoni.

"Kijana, hiyo b umeitoa wapi?"

"Imeandikwa, mzee."

"Imeandikwa, ndiyo. Lakini haisomwi. Ipo pale kama mgeni rasmi aliyeletwa kukaa meza kuu asiyetakiwa kutoa hotuba."

Nilicheka kwa adabu, lakini nilirudi nyumbani nimenywea. Swali lililonisumbua lilikuwa moja: kama haisomwi, aliiandika nani, na kwa nini?

Sisi tumelelewa na lugha inayosomwa kama ilivyoandikwa. Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki ilipoanza kazi mwaka 1930, ikakisanifisha Kiswahili kwa msingi wa Kiunguja, ilitujengea tahajia ambayo ndani yake kila herufi inakula kwa jasho lake. Mtoto wa darasa la pili akishajua silabi, mpe gazeti atakusomea, hata kama haelewi kinachosemwa. Kumbe hapo ndipo penye mtego, na nitaurudia baadaye.

Kiingereza hakikujengwa hivyo. Neno hili la deni Waingereza hawakulizaa wao. Waliletewa na Wanormani, watu wa kaskazini ya Ufaransa walioiteka Uingereza mwaka 1066, na ambao Kifaransa chao kilikaa mahakamani na katika nyumba za mabwana kwa karne kadhaa. Kifaransa hicho hakikuwa na b katika neno hilo. Waingereza wakalipokea hivyo hivyo na kuliandika walivyolisikia, "det" au "dette". Lilikuwa neno la wazi, kama deni letu.

Katika karne ya 16 wakaja wasomi waliokuwa wamelewa Kilatini. Wakachunguza wakaona kwamba bibi wa neno hilo ni "debitum" la Kilatini, lenye b tumboni. Wakaona aibu kwamba mjukuu anatembea mjini bila alama ya ukoo. Wakaichomeka b katika maandishi, na wapiga chapa wakaifuata. Ila wananchi sokoni hawakuisikia habari hiyo, na hata walioisikia hawakuijali. Waliendelea kusema "det" kama babu zao. Hivyo kalamu ikaenda njia yake na ulimi ukaenda njia yake, na mpaka leo havijakutana.

Wapo waliotaka kuulazimisha ulimi uifuate kalamu. William Shakespeare aliwafanyia mzaha. Katika mchezo wake "Love's Labour's Lost", uliochapishwa mwaka 1598, yumo mwalimu mmoja mwenye majivuno aitwaye Holofernes, anayekasirika kwa sababu watu hawaitamki b ya deni. Watazamaji wa enzi hizo walimcheka. Niliposoma habari hiyo nilifarijika kidogo: kumbe kosa langu la mwaka 2005 lilikwisha kupata mwenzake miaka zaidi ya 400 iliyopita.

Wasomi hao hao waliichomeka p katika "receipt", ile karatasi unayopewa dukani baada ya kulipa. Nayo haitamkwi. Sasa tazama sisi tulivyofanya. Tulipolichukua neno hilo hatukuchukua maandishi, tulichukua sauti, tukaandika risiti. Hakuna p. Mwenye duka wa Kariakoo anayeandika "risiti" ukutani kwa chokaa amelinukuu neno hilo kwa uaminifu kuliko wasomi wa Uingereza walioliharibu. Kwa hiyo ndugu yangu usicheke unaposikia mtu anatamka Kiingereza kama kilivyoandikwa. Hakukosea yeye peke yake. Nao walioandika walimtegea.

Baada ya tukio lile niliapa kwamba sitaaibika tena. Nilinunua kamusi kubwa, nikawa nasikiliza redio za ng'ambo usiku wa manane, nikarudia maneno mbele ya kioo. Ikafika mahali nikawa nasifiwa. Na kwa sifa hizo ndipo nikatenda kosa la pili.

Ilikuwa mwaka 2011. Shangazi yangu alikuwa mama lishe hapa Dar es Salaam, mwanamke hodari aliyewasomesha watoto watatu kwa wali, maharage na samaki wa kukaanga. Alitaka kuongeza biashara, akaenda kwa wakopeshaji fulani ambao sitawataja jina. Walikubali kumpa shilingi 1,000,000, wakampa na karatasi nne za Kiingereza aende akazisome kabla ya kutia sahihi. Alikuja nazo nyumbani kwangu siku ya Jumapili, zimekunjwa ndani ya khanga.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Wewe ndiye unayetusomea habari za Wazungu. Haya nisomee na zangu."

Nikamsomea. Ee, nilisoma! "Debt" niliitamka bila b. "Mortgage" niliitamka bila t, kama wanavyoitamka wenyewe. Shangazi akatikisa kichwa kwa furaha, akasema Kiingereza kinanitoka kama maji ya bomba. Kisha akauliza swali la mtu mwenye akili: "Sasa maana yake nini?"

Nikamwambia kwamba riba ni asilimia 5 kwa mwezi kwa miezi 12, na kwamba akilipa kwa wakati hakuna tatizo. Akanyoosha kidole kwenye neno moja alilolitambua. "Hapa wameandika fleti. Ni nyumba ya ghorofa? Mimi sina ghorofa." Tukacheka sote. Nikamweleza kwamba "flat rate" si nyumba, ni riba iliyolala tambarare, haipandi wala haishuki. Akaridhika. Akatia sahihi kesho yake.

Maelezo yangu hayakuwa ya uongo. Lakini hayakuwa na maana yoyote kwake, kwa sababu mimi mwenyewe sikuwa nimefahamu jambo lile lilimaanisha nini mfukoni. Hebu tupige hesabu niliyopaswa kuipiga Jumapili ile.

Riba ya namna hiyo huhesabiwa juu ya fedha yote uliyokopa mwanzoni, kila mwezi, hata kama umekwisha kurudisha sehemu kubwa. Asilimia 5 ya shilingi 1,000,000 ni 50,000. Mara miezi 12 ni 600,000. Shangazi alitakiwa kurudisha shilingi 1,600,000. Lakini iko namna nyingine, ambayo riba huhesabiwa juu ya salio, yaani deni lililobaki tu. Kama angekuwa anapunguza deni kwa mafungu sawa kila mwezi, asilimia ile ile 5 ingemletea riba ya shilingi 325,000 kwa mwaka mzima. Tofauti ni shilingi 275,000. Neno dogo lile tulilolicheka ndilo lililozibeba.

Shangazi alikuwa akidhani analipa riba ya salio, maana ndivyo akili ya kawaida inavyodhani: nikikurudishia nusu, nadaiwa nusu. Alilipa shilingi 133,000 na ushee kila mwezi kwa miezi minane bila kukosa. Mwezi wa tisa akaugua, kibanda kikafungwa majuma matatu. Wakaja na gari. Wakachukua jokofu na cherehani. Hapo alikuwa amekwisha kulipa jumla ya shilingi 1,060,000 na zaidi, yaani amerudisha zaidi ya alichopewa. Alinipigia simu, wala hakunilaumu. Alisema tu: "Baba, kumbe ilikuwa imeandikwa?"

Ilikuwa imeandikwa, ndugu msikilizaji. Na niliisoma mimi, kwa sauti nzuri.

Tangu siku ile niliacha kukimbizana na matamshi peke yake, nikaanza kuyauliza maneno haya ya fedha yalikotoka. Nilichukua nakala ya karatasi zile nne nikazipitia neno kwa neno. Nilitegemea kukuta elimu ya juu. Nilikuta soko, zizi la ng'ombe na kaburi.

Chukua neno la riba yenyewe, "interest". Katika Ulaya ya zamani Kanisa lilikataza riba kwa ukali. Mtaguso wa tatu wa Laterano, mwaka 1179, uliamua kwamba wala riba wanaojulikana hadharani wasizikwe Kikristo. Lakini biashara ilikuwa inakua na wenye fedha hawakutaka kukopesha bure. Wanasheria wakapata njia. Walisema: kula riba ni dhambi, lakini mdaiwa akichelewa kulipa, mkopeshaji anapata hasara, na ni haki afidiwe hasara hiyo. Fidia hiyo wakaiita kwa neno la Kilatini "interesse". Polepole fidia ya kuchelewa ikawa malipo ya kawaida, na kitu kile kile kilichokatazwa kikarudi mjini kimevaa kanzu mpya. Mwaka 1545 Mfalme Henry wa Nane wa Uingereza akairuhusu kwa sheria, mradi isizidi asilimia 10 kwa mwaka. Ikapigwa marufuku tena mwaka 1552, ikarudishwa mwaka 1571. Ona basi: sheria ya mfalme wa karne ya 16 iliweka mpaka wa asilimia 10 kwa mwaka. Shangazi yangu katika karne ya 21 alitozwa asilimia 60 ya mkopo wake kwa mwaka, na neno likiwa lile lile.

Neno la pili ni "mortgage", rehani, lile lenye t isiyotamkwa. Ni Kifaransa cha kale, na maana yake ni rehani mfu. Mwanasheria Edward Coke aliieleza mwaka 1628 kwa namna ambayo hata mama lishe angeielewa mara moja. Mdaiwa asipolipa, mali aliyoiweka imemfia yeye. Akilipa, imemfia mkopeshaji. Kwa vyovyote pana msiba upande mmoja. Kama ningemwambia shangazi kwamba jokofu lake linawekwa katika rehani mfu, nina hakika asingecheka. Angeuliza maswali.

Pembeni ya neno hilo palikuwa na jingine, "chattel", yaani mali ya kubebeka, isiyokuwa ardhi wala nyumba. Hili ndilo lililoleta gari mlangoni. Nalo lina ndugu wawili waliotoka tumbo moja: "cattle", ng'ombe, na "capital", mtaji. Wote watatu wamezaliwa na neno la Kilatini lenye maana ya kichwa. Mali ilikuwa inahesabiwa kwa vichwa. Msukuma wa Shinyanga au Mmasai wa Monduli anayekuambia ana vichwa 80 anazungumza uchumi ule ule uliozaa neno "capital" linalotukuzwa vyuoni. Tofauti ni kwamba yeye anajua anachokizungumza.

Na benki je? Waitalia wa zama za kati waliobadilisha fedha walikaa sokoni nyuma ya benchi, na benchi kwa lugha yao ni "banca" au "banco". Basi, benki ni benchi. Mwenye benchi akishindwa, alisemwa kuwa benchi lake limevunjika, "banca rotta", na Waingereza wakapata "bankrupt". Wapo wanaosimulia kwamba lilivunjwa kwa shoka mbele ya watu, lakini hiyo ni simulizi tu, lililo la hakika ni neno. Wasomi wetu wa herufi wakafika hapo pia wakaongeza p ya Kilatini. Hii ilipata bahati, inatamkwa. Sisi mtu wa namna hiyo tunamwita muflisi, kutoka Kiarabu, na wataalamu wa Kiarabu hulieleza kuwa ni mtu aliyekuwa na fedha nzuri akabakiwa na fulusi tu, visarafu vya shaba. Mmoja ameangalia benchi, mwingine ameangalia mfuko. Njaa ni ile ile.

Nilipokuwa mtoto, siku moja katika mwezi Juni baba alikuwa anatuamuru tunyamaze, betri mpya zinatiwa kwenye redio, tunasikiliza bajeti. Sisi watoto tulingoja kusikia soda imepanda kiasi gani. Neno lile lilinitisha kama jina la ugonjwa. Kumbe "budget" limetoka Kifaransa "bougette", kimkoba cha ngozi. Mwaka 1733, waziri mkuu Robert Walpole alipotaka kuleta kodi mpya, wapinzani wake walichapa kijitabu cha kumkejeli, wakimfananisha na tapeli wa dawa anayeufungua mkoba wake mbele ya umati. Kejeli ikageuka kuwa jina rasmi. Kwa hiyo unapomwona Waziri wa Fedha katika picha ameinua mkoba wenye bajeti, jua kwamba kwa asili ya maneno ameshika mkoba wenye mkoba ndani yake. Kilichomo, msikilizaji, bado tunatakiwa kukiuliza, kama wale wa mwaka 1733.

Maneno haya hutembea bila pasi. Mnamo mwaka 1520 hivi, katika bonde la Joachimsthal huko Bohemia, palichimbwa fedha ikafuliwa sarafu kubwa. Sarafu ikaitwa kwa jina la bonde, baadaye likafupishwa kuwa "thaler", na kutoka hapo likaja "dollar". Sarafu za aina hiyo, hasa zile zenye sura ya Malkia Maria Theresa na mwaka 1780, zilitumika Uhabeshi, Uarabuni na hata katika pwani yetu. Nasi tukawa na dala, yaani shilingi tano. Wakongwe wa jiji husimulia kwamba makondakta wa vibasi vya miaka ya 1980 waliita nauli yao, "dala, dala", na jina likabaki. Sasa nauli ya dala imekufa zamani, lakini kila asubuhi tunapanda jina la bonde la Bohemia kwenda Posta.

Mshahara nao usiupite. Kiingereza "salary" linatoka katika neno la Kilatini lenye mzizi wa chumvi. Letu linatoka Kiarabu, na mzizi wake ni mwezi. Mshahara wangu mimi una asili zote mbili: unakolea kama chumvi siku ya kwanza, na mwezi hauufikii.

Lakini nisikupeleke mbali. Ninachotaka kusema ni kwamba hatukuwa mabubu kabla ya Kiingereza. Deni, riba, rehani, dhamana, hawala na hisa tulivipata kutoka Kiarabu, na hundi tukaipata kutoka kwa Wahindi. Kwa maneno hayo Unguja ya karne ya 19 iliendesha biashara kubwa. Tajiri Taria Topan alimkopesha Tippu Tip bidhaa za misafara iliyofika mpaka Kongo, misafara ya pembe na, tusifiche, ya watumwa. Mkopeshaji alijua rehani ni nini na mkopaji alijua. Hapakuwa na mtu aliyehitaji mpwa wa redioni.

Sisemi kwamba neno likieleweka basi mtu amesalimika. Wakulima wa karafuu wa Unguja na Pemba walilielewa vizuri neno rehani, na bado madeni yaliwamaliza, hata serikali ya kikoloni ikalazimika mwaka 1934 kutunga sheria ya kuzuia mashamba yasizidi kuhamia kwa wakopeshaji. Bei ya karafuu ikianguka, kamusi haikuinui. Ila kuna tofauti kati ya mtu anayeingia shimoni akiliona na mtu anayesukumwa ndani amefumbwa macho. Wa kwanza anaweza kupima kina. Anaweza hata kukataa.

Mwaka 2021 Bunge la Tanzania lilibadili sheria, Kiswahili kikawa lugha ya sheria na ya mahakama. Ni hatua kubwa. Lakini mikopo midogo, ile ambayo wananchi wenyewe wameibatiza jina la kausha damu, haingoji mahakama. Inamalizika kwenye benchi la duka, kalamu imefungwa kwa kamba, na karatasi iliyoandikwa ili isomwe na mwingine. Na hata ikiandikwa Kiswahili, mtego niliousema mwanzoni bado upo: lugha yetu inasomeka kwa urahisi mno. Mtu aweza kuisoma karatasi nzima kwa sauti, bila kukwama hata silabi moja, akafika mwisho hajui ameahidi nini. Mimi nilifanya hivyo kwa Kiingereza. Wengine wanafanya kwa Kiswahili.

Kwa hiyo, ndugu yangu, ukipewa karatasi ya mkopo usianze kwa kuuliza neno hili linatamkwaje. Uliza mambo matatu, na usikubali kujibiwa kwa asilimia, jibiwa kwa shilingi. Kwanza, jumla nitakayokuwa nimelipa mpaka siku ya mwisho ni shilingi ngapi? Pili, riba inahesabiwa juu ya nilichokopa au juu ya salio? Tatu, nikichelewa, mtachukua kitu gani, na baada ya siku ngapi? Anayekukopesha akishindwa kukujibu hayo kwa maneno ambayo hata mtoto wako wa darasa la nne anaweza kuyarudia, funga khanga yako uondoke. Aibu ya kuuliza hupita jioni ile ile. Deni halipiti.

Shangazi yangu alianza upya kwa fedha ya upatu, na safari hii hakuja kwangu kusomewa chochote. Alinunua jokofu jingine baada ya miaka miwili. Siku nilipokwenda kulitazama, alinipa sahani ya wali akaniambia, "Kula, baba. Hii haina riba." Nikala. Nilikuwa nimekwisha kumwomba radhi, na alikwisha kunisamehe, lakini mpaka leo nikilisoma neno "debt" mbele ya maikrofoni, ile b iliyonyamaza naisikia mimi.

Panapo majaliwa, tukutane juma lijalo.